Fahali wa chipu wanalala zizi moja

Septemba 18, 2025, Nvidia ilitangaza kwamba itanunua hisa za Intel za dola bilioni 5, na kwamba kampuni hizo mbili zitaunda pamoja prosesa za kompyuta binafsi: viini (sehemu zinazofanya hesabu) vya Intel vya x86, lugha ya maelekezo ambayo programu nyingi za Windows zimeandikiwa, vikiwa ubavuni mwa chipu za michoro (GPU) za RTX za Nvidia, ndani ya kifurushi kimoja. Siku hiyohiyo hisa ya Intel ilipanda kwa zaidi ya asilimia 20. Mitandaoni tafsiri zikagawanyika. Wapo waliosema Nvidia imekuja kumnusuru mgonjwa, wapo waliosema AMD, mpinzani mkuu wa Intel, sasa imebanwa pande zote. Tangu hapo kila prosesa mpya inayotoka husomwa kwa miwani hiyo: nani kamshinda nani, nani kabaki nyuma, nani azikwe.

Naona mabishano haya yanaangalia uwanja usio wenyewe. Kwenye prosesa za kompyuta kuna ushindani wa aina mbili. Kuna ushindani wa wabunifu, yaani wanaochora chipu na kuziuza kwa majina yao, na huo leo ni mkali kuliko wakati wowote ninaoukumbuka. Kisha kuna ushindani wa viwanda, yaani wanaozifyatua chipu zenyewe, na huo umekaribia kuzimika. Mnunuzi anaona ule wa kwanza na kuushangilia. Lakini ni ule wa pili utakaoamua kompyuta itauzwa bei gani miaka mitano ijayo, na kama itapatikana. Mkataba wa Nvidia na Intel, kwa kelele zake zote, haukuugusa huo wa pili. Hakuna kipengele kilichoifunga Nvidia kuchapisha chipu zake kwenye viwanda vya Intel.

Turudi nyuma, maana mwanzo wa vita hivi una jambo ambalo wengi wamelisahau. IBM ilipotoa kompyuta yake binafsi mwaka 1981 na kuchagua prosesa ya Intel 8088, haikukubali kutegemea muuzaji mmoja. Ilidai awepo mtengenezaji wa pili wa chipu ileile, ili ajali au tamaa ya mmoja isije ikaisimamishia biashara. Ndiyo sababu mwaka 1982 Intel ilitia saini mkataba wa kubadilishana teknolojia na AMD. Kwa hiyo AMD haikuingia kwenye x86 kwa sababu ilikuwa imebuni kitu bora. Iliingizwa na mnunuzi mwenye hofu na mwenye nguvu ya kutosha kuilazimisha Intel. Intel ilipoona soko limenona, ikakataa kuikabidhi AMD michoro ya 386, prosesa iliyotoka mwaka 1985. Wakaburuzana kwa miaka. AMD ikatoa 386 yake mwaka 1991, na mwaka 1994 Mahakama ya Juu ya California ikaipa haki. Ushindani wote tuliofaidi baadaye ulichipuka kwenye mkataba huo ambao Intel yenyewe ilijaribu kuukwepa.

Na tulifaidi kweli. Machi 2000 AMD ilifikisha gigahezi moja siku chache tu kabla ya Intel. Mwaka 2003 ikaleta x86 ya biti 64 huku Intel ikiwa imeweka dau lake kwenye Itanium, prosesa ya seva iliyotaka watu waachane na programu zao za zamani. Soko lilimfuata aliyeheshimu programu za zamani, na mwaka 2004 Intel ikalazimika kuufuata ubunifu wa mpinzani wake. Mwaka 2009 Intel iliilipa AMD dola bilioni 1.25 kumaliza kesi zao, zikiwemo tuhuma kwamba ilikuwa ikiwapa watengenezaji wa kompyuta punguzo ili waikwepe AMD. Mwaka huohuo AMD, ikiwa hoi kifedha, iliviachia viwanda vyake, vikawa kampuni nyingine iitwayo GlobalFoundries. Jerry Sanders, mwanzilishi wa AMD, anakumbukwa kwa kutamba kwamba wanaume wa kweli wana viwanda vyao. Kampuni yake iliokoka kwa kufanya kinyume cha tambo hilo.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya usingizi. Kuanzia mwaka 2008 hadi mwanzoni mwa 2017, prosesa ya juu ya Intel kwa kompyuta ya kawaida ya mezani ilibaki na viini vinne. Mtu aliyenunua mashine nzuri mwaka 2011 hakuwa na sababu ya maana ya kununua nyingine mwaka 2016. Kisha Machi 2017 ikaja Ryzen 7 1800X ya AMD: viini vinane kwa dola 499, wakati Intel ilikuwa ikiuza prosesa yake ya viini vinane kwa zaidi ya dola 1,000. Kabla mwaka haujaisha, Intel iliyokuwa imesimama palepale karibu muongo mzima ikagundua kwamba viini sita vinawezekana kwa bei ya vinne. Sijui mfano safi zaidi wa faida ya ushindani kwa mnunuzi.

Lakini angalia kilichokuwa kikitokea nyuma ya pazia. Agosti 2018 GlobalFoundries ilitangaza kusimamisha kazi ya nanomita 7, hatua mpya ya uchapaji wa chipu (namba ikiwa ndogo, hatua ni ya kisasa zaidi). Gharama zilikuwa zimeishinda. AMD ikahamishia chipu zake za mbele, yaani za kisasa zaidi, kwa TSMC ya Taiwan, kampuni inayochapa chipu za wengine, na mwaka 2019 ikatoa Ryzen za nanomita 7 zilizoipita Intel kwa ufanisi wa umeme. Intel nayo ilikuwa imekwama kwenye nanomita 10, hatua iliyokusudiwa kukamilika katikati ya muongo na ikachelewa kwa miaka. Sababu mojawapo inajulikana: ilijaribu kuchora mistari midogo mno kwa mashine za mwanga za kizazi cha zamani, ikirudia mchoro mmoja mara kadhaa juu ya sahani ileile ya silikoni, na kila marudio yakaongeza nafasi ya kasoro. Mashine mpya za mwanga wa urujuanimno uliokithiri (EUV), zinazotengenezwa na kampuni moja tu duniani, ASML ya Uholanzi, Intel iliziacha kwanza. TSMC ilizichukua. Novemba 2020 Apple ikatoa M1, prosesa yake yenyewe iliyochapwa na TSMC kwa nanomita 5, na Intel ikaanza kumpoteza mteja aliyekuwa naye tangu 2006. Juni 2024 Qualcomm nayo ikaingia kwa nguvu mpya kwenye kompyuta mpakato za Windows na Snapdragon X.

Sasa tufungue kompyuta mpakato moja ya mwisho wa 2024, yenye prosesa ya Intel Core Ultra ya kundi la 200V. Nje ina kibandiko cha Intel. Ndani, chini ya bomba la shaba la kupoozea, kuna kifurushi kidogo kilichobeba vipande kadhaa pamoja na RAM yenyewe ubavuni. Kipande chenye viini, michoro na injini ya akili mnemba kimechapwa na TSMC kwa nanomita 3. Kipande cha kuunganisha vifaa vya nje kimechapwa na TSMC kwa nanomita 6. Kilichotoka kiwandani kwa Intel ni bamba la chini linaloviunganisha hivyo viwili. Weka pembeni yake mashine tatu za wapinzani wa msimu huohuo: Ryzen AI 300 ya AMD, TSMC, Snapdragon X Elite ya Qualcomm, TSMC, M4 ya Apple, TSMC. Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Hawa ni wanne, wanapigana mchana kutwa sokoni, na usiku wanalala zizi moja. Mwenye zizi hata prosesa haibuni.

Kuna jibu zuri kwa wasiwasi huu, nami silipuuzi. Linasema: TSMC ndiyo iliyotuletea ushindani huu. Bila kiwanda kinachokubali kazi ya yeyote, AMD ingekufa na GlobalFoundries, Apple ingebaki mateka wa ratiba ya Intel, na Qualcomm isingethubutu. TSMC haishindani na wateja wake, haiuzi prosesa kwa jina lake, na Morris Chang aliianzisha mwaka 1987 kwa msingi huohuo wa kutokuwa na upande. Aidha haijashikilia nafasi yake kwa hila. Imeishikilia kwa kutokosea pale wengine walipokosea. Yote hayo ni kweli. Mwaka 2017 ningeyaandika mwenyewe kwa furaha.

Kilichobadilika ni foleni. Zamani mteja mkubwa wa hatua mpya ya uchapaji alikuwa simu, na kompyuta ilifuata karibu nyuma yake. Leo mbele ya wote wamesimama wanunuzi wa chipu za akili mnemba kwa ajili ya vituo vya data. Wanalipa kuliko yeyote, tena wanalipa mapema. Kundi la chipu za ukokotoaji mzito, ambamo prosesa za kompyuta ni sehemu tu, lilishazipita simu, na mwaka 2024 likafikia takriban nusu ya mapato ya TSMC. Hakuna ubaya wowote katika hilo, ni biashara. Lakini kiwanda kina idadi yenye kikomo ya sahani za silikoni kwa mwezi, na kipande cha prosesa ya kompyuta mpakato ya bei ya kati kinashindania sahani ileile na chipu ambayo mteja mwingine yuko tayari kuilipia mara nyingi zaidi kwa kila milimita ya mraba.

Anayedhani hii ni nadharia aangalie RAM. Soko la kumbukumbu za DRAM lina watengenezaji wakubwa watatu: Samsung, SK hynix na Micron. Watatu, si mmoja. Mahitaji ya akili mnemba yalipopanda mwaka 2025, wote walielekeza nguvu kwenye kumbukumbu za vituo vya data, na kufikia mwisho wa mwaka bei za RAM za kompyuta za kawaida zilikuwa zimepaa kiasi cha kuwafanya watu waahirishe kununua mashine. Desemba 2025 Micron ilitangaza kuiacha kabisa Crucial, chapa yake iliyokuwa ikiwauzia watumiaji wa kawaida. Hakuna aliyekula njama. Kila mmoja alifanya hesabu zake, na hesabu zote zikaangukia mahali pamoja. Ikiwa viwanda vitatu havikuweza kumkinga mnunuzi wa kompyuta na foleni hiyo, sioni kitakachomkinga kwenye prosesa, ambako uwanja wa mbele una kiwanda kimoja na nusu.

Nusu hiyo ni Samsung, kwa haki yake. Inachapa chipu za wengine, na Nvidia iliitumia kwa kadi za michoro za RTX 30 mwaka 2020. Lakini kizazi kilichofuata, mwaka 2022, Nvidia ilirudi TSMC, na hakuna hata mmoja kati ya wale fahali wanne ambaye prosesa yake ya mbele ya kompyuta inatoka Samsung. Huenda hali ikabadilika. Julai 2025 ilipata kazi ya Tesla ya dola bilioni 16.5. Kwa sasa, hata hivyo, tegemeo hilo ni jembamba.

Kuna hoja nyingine inayopendwa sana, kwamba ugomvi halisi ni kati ya x86 na ARM, lugha ya maelekezo inayotumiwa na Apple na Qualcomm, na kwamba x86 imezeeka na inasubiri mazishi. Ilikuwa na mashiko mwaka 2020, M1 ilipoonyesha kompyuta mpakato isiyo na feni ikizishinda zenye feni. Tatizo ni kwamba M1 ilibeba mabadiliko mengi kwa mpigo: lugha ya maelekezo ya ARM, ndiyo, lakini pia uchapaji wa nanomita 5, RAM iliyosogezwa karibu na viini, na mfumo endeshi ulioandikwa na kampuni ileile. Kisha mwaka 2024 Intel ikachukua mengi ya hayo, ukiondoa ARM, ikaiweka kwenye ile Core Ultra tuliyoifungua hapo juu, na betri yake ikadumu kiasi cha kushindana na Snapdragon bila programu hata moja ya zamani kugoma. Hilo linatosha kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya muujiza ilitoka kiwandani na kwenye mpangilio wa chipu. Jina la lugha ya maelekezo lilikuwa na mchango mdogo kuliko lilivyosifiwa. Wanaokumbuka Windows RT ya 2012, toleo la Windows la chipu za ARM, na dola milioni 900 ambazo Microsoft iliandika kama hasara mwaka uliofuata kwa sababu yake, wanajua pia kwamba mnunuzi hahami kwa ajili ya lugha ya maelekezo asiyoiona.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayosemwa kwa kujiamini zaidi: Intel imejichimbia kaburi, iachwe ife, soko litaziba pengo. Ni kweli imejichimbia. Mwaka 2024 ilipata hasara ya dola bilioni 18.8, na mwaka huohuo ikalazimika kuongeza dhamana ya miaka miwili kwa prosesa za kizazi cha 13 na 14 zilizokuwa zikizimika ovyo. Lakini "soko" linaloziba pengo la kiwanda ni nani hasa? Kiwanda cha mbele hugharimu makumi ya mabilioni ya dola, na fedha pekee haitoshi: GlobalFoundries ilikuwa na mfadhili tajiri wa Abu Dhabi na ikaacha mbio. Kuna na kikwazo cha kisheria ambacho hutajwa kwa nadra. Haki za x86 zimefungwa kwenye mkataba wa kubadilishana hataza kati ya Intel na AMD wa mwaka 2009, na mkataba huo unavunjika iwapo umiliki wa mojawapo utahama. Kwa hiyo hakuna tajiri anayeweza kuinunua Intel nzima leo na kuendelea kuuza x86 kesho bila kwanza kubisha hodi AMD. Intel ikifa, kinachobaki upande wa x86 ni AMD peke yake, ikichapiwa na TSMC peke yake. Shabiki wa AMD anayeliombea hilo ajiulize kampuni yake pendwa itapanga bei gani ikiwa haina wa kumwogopa. AMD si shirika la hisani; ilipoongoza wazi mwaka 2020, Ryzen 5000 zilikuja na bei ya juu kuliko kizazi kilichotangulia.

Ndiyo maana naisoma tofauti hatua ya serikali ya Marekani ya Agosti 2025 kuchukua takriban asilimia 10 ya Intel kwa dola bilioni 8.9, nyingi zikiwa ruzuku zilizokuwa zimeahidiwa kabla. Wakosoaji wana hoja: serikali yenye hisa kwenye kampuni moja si mwamuzi mzuri wa soko lenye kampuni nne, na mteja anaweza kupewa kazi Intel kwa shinikizo la kisiasa, ubora ukawekwa pembeni. Hofu hiyo naielewa na sehemu yake naishiriki. Lakini kwa mantiki, kilichofanyika kinakaribiana na alichofanya IBM mwaka 1981: mnunuzi mkubwa kukataa kutegemea mahali pamoja. Aprili 2024 tetemeko kubwa liliipiga Taiwan, na TSMC ikawaondoa wafanyakazi kwenye baadhi ya viwanda kwa muda. Kazi ilirejea haraka kwa namna ya kustaajabisha. Hata hivyo, ndani ya saa hizo chache prosesa za mbele za AMD, Apple na Qualcomm zilikuwa zikitegemea kisiwa kimoja, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na mahali pengine pa kwenda.

Nvidia, kinyume chake, ilichonunua kwa dola bilioni 5 ni mlango wa x86. Itapata viini vinavyoendesha programu zote za Windows moja kwa moja, bila kuigiza prosesa nyingine, na Intel itapata michoro ambayo haijawahi kuifikia. Mnunuzi atapata mashine nyembamba zenye nguvu ya michezo, na AMD, yenye nguvu kubwa kwenye michoro iliyojengewa ndani ya prosesa, itasumbuka kweli. Ni habari njema kwa ushindani wa wabunifu. Kiwandani fedha hizo ni ahueni ya muda tu, kwa sababu kiwanda kinaishi kwa kazi za kudumu kutoka nje. Mtaji wa mara moja hauwezi kukiweka hai.

Januari 2026 Intel ilizindua Panther Lake, ambayo kipande chake cha viini kimechapwa Arizona kwa hatua yake mpya ya uchapaji iitwayo 18A, ingawa vipande vingine bado vinatoka TSMC. Wachambuzi wamejaza kurasa kwa chati za kasi na saa za betri. Mstari muhimu zaidi uliandikwa miezi sita kabla, kwenye ripoti ya Julai 2025 kwa wanahisa: Intel ilisema kwamba ikikosa mteja mkubwa wa nje kwa hatua inayofuata, 14A, inaweza kuisimamisha au kuiacha kabisa. Kwa maneno mengine, Panther Lake inaweza kufaulu dukani na bado ikawa miongoni mwa prosesa za mwisho za mbele kuchapwa nje ya TSMC.

Kwa hiyo macho yangu hayako kwa AMD wala Qualcomm. Yako kwa Dell, HP, Lenovo na Microsoft, warithi wa nafasi aliyokuwa nayo IBM. Wao ndio wanaonunua prosesa kwa mamilioni, na ndio pekee wenye uzito wa kumwambia mbunifu kwamba sehemu ya oda yao lazima ichapwe kiwanda cha pili, hata kama kila kipande kitagharimu zaidi kidogo. Microsoft ilisema Februari 2024 kwamba chipu yake moja itachapwa kwa 18A, hatua ambayo ni ndogo lakini inaelekea kunakotakiwa. Wengine watatu wamekuwa hodari wa kumchezesha Intel dhidi ya AMD ili wapate punguzo. Watakapokuja kugundua kwamba pande zote mbili za mezani zinasubiri sahani kutoka mlango uleule, muda wa kudai kiwanda cha pili utakuwa unahesabiwa kwa miaka, na 14A itakuwa imeshaamuliwa.